Mkono Chini ya Kanga

Masudi aliwasomea gazeti wanywa chai mbele ya karai la Zaituni la maandazi. Alisoma kila asubuhi, tangu kaka yake, kamanda, aanze kushtakiwa kwa mauaji ya vita.

“Jina la shahidi wamelificha,” alisema. “Ila wameandika ni mama, ana kovu la moto mkono wa kushoto.”

“Waandishi hao,” mmoja akacheka. “Wamefunga mlango, dirisha wakaliacha.”

Kovu la Zaituni wote walilizoea, wakidhani ni la mafuta. Hata hivyo, mkono wake wa kushoto ulishaingia chini ya kanga.

Mafuta yakaanza kufuka moshi. Karai lile huepuliwa kwa mikono miwili.

“Dada, yanaungua,” Masudi akainua macho. “Epua basi.”

Moshi ukazidi kupanda kati yao.