Pasipoti ya Betri

Makarani wa bandari walikuwa wakifundishwa kusoma pasipoti za betri, kwa mizigo halisi, kabla sheria mpya ya kuzidai haijaanza. Nyamizi, mmoja wao, alielekeza simu kwenye alama ya msimbo ya betri moja kubwa, na kioo kikamwonyesha kiwanda, uzito, hata mgodi na mwaka ambao madini yake yalichimbwa. Aliujua mgodi huo. Mwaka huohuo kifusi kilimfukia humo kaka yake, na mwili haukupatikana.

Akasoma mstari wa chini. Waliofariki: hakuna.

“Hapa pana uongo,” alimwambia mkufunzi.

“Sisi tunasoma tu, dada. Thibitisha, meli inasubiri.”

Kidole kilimgomea. Mkufunzi akanyoosha mkono, akambonyezea kitufe. Kreni ikaiinua betri, na Nyamizi akaisindikiza kwa macho mpaka ilipozama tumboni mwa meli.