Mikono ya Kumkanda Mzazi

Mama alifika kutoka Pangani na majani yake ya mwarobaini na kitambaa cha kukandia, akakuta kazi ya kunikanda imeshachukuliwa. Mkataba wa Huduma, sheria ya dunia nzima ya kazi za kutunza watu, unakataza nyumba kumpendelea mtu wake, hata kwa mzazi wa siku tatu kama mimi, na Linh wa Vietnam ndiye aliyeshinda zabuni. Mikono yake ya mpira ilifungwa kwenye ukuta wa bafu letu, naye aliiendesha kwa mtandao akiwa kwao.

Mama aliruhusiwa kukaa, ila asiniguse.

"Hapo kiunoni shusha taratibu, mwanangu," alimwelekeza Linh. "Na maji yasipoe."

"Sawa, mama," Linh akajibu kwa Kiswahili cha mtambo wa kutafsiri.

Nilikandwa vizuri, sitasema uongo.

"Una watoto?" Mama akamuuliza.

"Binti mmoja. Amejifungua juzi."

"Ehe! Sasa yeye anakandwa na nani?"

"Na mama mmoja wa huko kwenu, kwa mikono kama hii. Kazi anaijua. Ila haimbi. Mimi ningemwimbia."

Mama akakunjakunja kitambaa chake kikavu, kisha akaanza kuimba polepole. Mikono ya mpira ikasimama mgongoni mwangu, na maji yakapoa.