Mwenzake Mwalimu Devota

"Mbona iko sawa kabisa?" Lutengano aliuliza, akitazama mshale wa kupimia sauti kwenye simu yake.

"Najua, fundi." Mwanamke aliishusha klarineti kutoka mdomoni. "Ndiyo maana nimeileta. Nataka ishuke."

Kwa zaidi ya miaka thelathini Lutengano alikuwa akitengeneza vyombo vya bendi za makanisa katika kibanda chake pale Uyole. Watu walimletea klarineti zilizopasuka na tarumbeta zilizobonyea. Hakuwahi kuona mtu aliyetoka Iringa kwa basi kuja kukosesha chombo kizima.

Mwanamke huyo aliitwa Devota, mwalimu mstaafu, mwembamba, mpole wa kusema. Yeye alimwita fundi tu, kama wateja wote.

"Kila jioni tunapiga klarineti mimi na mwenzangu," alieleza. "Yeye yuko chini kidogo. Tukianza tu, tunagombana."

"Si asukume viungo vya klarineti yake? Ikifupika, sauti inapanda."

"Hawezi."

"Mkaidi?"

Devota alitabasamu. "Ndivyo alivyo, fundi. Wa kusogea ni mimi."

Lutengano hakuchimba zaidi. Alimwonyesha kile kipande kifupi kilicho kati ya mdomo wa klarineti na mwili wake. Ukikivuta nje, chombo kinarefuka na sauti inashuka. Lakini ukikivuta mno, ndani panabaki pengo, na noti za katikati zinaanguka kuliko nyingine. Afadhali kukereza kipande kipya kirefu zaidi, halafu kwa kidogo kinachobaki, Devota avute pale viungo viwili vya mwili vinapokutana.

Alikereza kipande cha mpingo, milimita sitini na saba, moja zaidi ya kile cha zamani. Kukijaribu mwenyewe hakuweza. Alikuwa na miaka ishirini na minne msumeno ulipomkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, na toka siku ile hakupuliza klarineti tena. Kwa hiyo Devota alipiga, yeye akasikiliza.

Ilikuwa sauti ya pili ya wimbo wa kanisani, yenye mianya mingi ya kumngoja mtu. Lutengano aliijaza mianya ile kimoyomoyo. Devota alipoondoka, kibanda kilikuwa kimya kuliko asubuhi. Alikula maharage yake amesimama, redio ya jirani ikimsomea taarifa ya habari.

Mwaka uliofuata Devota alirudi, akaweka klarineti mezani.

"Ameshuka tena."

Lutengano alikereza milimita sitini na nane. Safari hii alimchemshia chai, wakanywa karibu na jiko la mkaa kwa sababu ya baridi. Devota alisimulia juu ya shule alizofundisha, juu ya mvua za Iringa zilizochelewa. Habari za mwenzake alizigusa tu. Hachoki, alisema. Hata nikikosea mara kumi, hanikaripii.

Baada ya hapo Lutengano alianza kuhesabu miezi. Aliona aibu, mtu mzima wa miaka sitini na tatu, kumwonea wivu mwanamume asiyemjua. Lakini wivu ulikuwepo. Mtu anasafiri karibu siku nzima ili mwenzake asiambiwe kwamba amekosea! Yeye, tangu mkewe afariki, hakuna aliyemsogelea hata milimita moja.

Mwezi wa sita tangu Devota aondoke, simu ililia.

"Fundi, hata hiki hakitoshi," alisema Devota. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nikivuta zaidi, noti nyingine zinaharibika. Nadhani safari hii atanipotea kabisa."

"Nitakuja mwenyewe," Lutengano alijisikia akisema. "Nikague klarineti ya huyo mwenzako. Labda viungo vyake vimelegea."

Devota alimwelekeza njia ya kufika kwake.

"Karibu. Ila usinicheke."

Alifika Mlandege, Iringa, saa kumi alasiri, shati limepigwa pasi, mkoba wa vifaa begani. Njia nzima alikuwa amejiambia kwamba atamsalimia bwana huyo kwa heshima, atarekebisha kitakachorekebishika, na hatapokea tena kazi ya nyumba hii.

"Kamwene, fundi," Devota alimkaribisha kwa salamu ya Kihehe.

Sebuleni palikuwa na viti viwili vilivyotazamana. Lutengano alitafuta kwa macho viatu vya kiume, koti, kofia. Hakuona.

"Yuko wapi?"

Devota alielekeza kidole mezani. Palikuwa na redio kaseti kuukuu, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira.

"Kanda hii niliipata kwenye mnada wa kanisa," alisema bila kumtazama. "Mtu anafanya mazoezi ya sauti ya kwanza, peke yake. Nilikuwa ndiyo kwanza nimestaafu, nyumba kimya. Nikajifunza sauti ya pili ili nisimwache hivyo. Sasa redio inazeeka, inazunguka polepole, naye anashuka nayo. Mafundi redio wanasema vipuri vyake havipatikani tena."

Devota alibonyeza kitufe, akaketi, akaweka klarineti mdomoni.

Mlio wa klarineti nyingine ukatoka redioni, mzito, umechoka, lakini mtamu. Devota akaingia chini yake. Sauti zilisuguana kidogo, zikaachana, zikatafutana tena. Lutengano alishika ukingo wa meza.

"Ni kijana," alisema mwishowe.

"Ndiyo. Anaharakisha kila anapotaka kuvuta pumzi. Nimemzoea." Devota alishusha klarineti, wimbo ulikuwa umefika ukingoni. "Usizime, fundi. Mwalimu wake wa bendi anamtaja jina hapo mwisho. Sikiliza."

Kiti kilikwaruza ndani ya kanda. Mtu akakohoa, kisha sauti ya mzee ikasema, polepole sana:

"Safi, Lutengano. Kesho tena."