Macho ya Badru

Siku hizi filamu ya maisha ya mtu maarufu huchotwa machoni mwake mwenyewe. Alichokitazama huonyeshwa, asichokitazama hakimo, na sheria hairuhusu kuongezwa hata kivuli.

Badru, aliyewahi kuwa mpigaji hodari kuliko wote katika timu ya taifa ya kriketi, alikaa sebuleni na mkewe Mwanakombo kuitazama yake kabla haijaonyeshwa kwa watu. Mwanakombo alikuwa amejifunga leso mpya.

Mpira mwekundu ulikuja mkubwa kama jua, mishono yake ikionekana uzi kwa uzi. Vikapita viwanja, mashabiki, nyuso za warushaji aliowatesa, hata mwamuzi mmoja mwenye chunjua puani. Kisha nyumbani: televisheni, marudio ya mechi, na mkono wenye hina ukiweka sahani ya mbaazi mezani. Televisheni tena. Mkono tena.

Badru alingoja uso wa mkewe utokee. Alingoja mpaka majina ya watengenezaji yakaanza kupanda.

"Umeona, baba Rukia?" Mwanakombo alisema kwa furaha. "Nimetokea mara nyingi. Na hina yangu imeonekana vizuri."

Badru akageuka, akamtazama. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na kidoti cheusi. Alitaka kuuliza kilianza lini, akaona haya.

Mwanakombo aliduwaa kutazamwa vile.

"Kwani bado wanarekodi?" akauliza, akaiweka sawa leso yake kichwani.