Nungunungu Aliyeshona Vikapu

Si zamani sana, asije mtu akasema hakuwepo, Nungunungu aliishi peke yake kwenye mwinuko wa njia ya gulioni. Mifuko ya plastiki ya wapita njia ilipasukia hapo, naye alitoka kuokota vitunguu mbiombio pamoja nao huku akiwagombeza. Maongezi yake yote yalikuwa hayo.

Lakini alichukia kitu cha uongo, kama mifuko ile isiyohimili mzigo. Aling'oa miiba yake kuwa sindano, akashona ukili, akampa kila mmoja kikapu.

Gulio lililofuata walipita bila kusimama.

"Kikapu chako kigumu kweli, kaka," walisema, wakaenda zao.

Wiki tatu hakuongea na mtu. Ndipo Kanga akaja, mkono wa kikapu chake umelegea.

"Nikiushona ovyo," Nungunungu akawaza, "atamwaga hapahapa." Akaona aibu, akaukaza kwa mishono saba.

"Tayari," akasema kwa ukali.

Kanga akainuka.

"Unakwenda wapi?"

"Si umemaliza, kaka?"

"Nimemaliza. Hakuna kilichomwagika, lakini kaa."

Kanga akatua kikapu chini. "Kumbe. Sisi tulidhani unaokota mbiombio ili tukuondokee."