Sauti ya Aikande

Aikande aliposhinda tuzo ya kanisa kwa wasomi vijana wa historia, sauti yake iliigwa kwa kompyuta na kuwekwa, kama ya kila mshindi, katika redio za waumini, iwasomee neno la jioni na kujibu maswali yao. Mwaka mzima mama yake, kule Machame, alimenya ndizi akizungumza na redio. Ilimwita mama, ikamuuliza habari za mguu wake uliokuwa ukimuuma, wala haikuwa na haraka.

Krismasi Aikande akaja nyumbani. Mama alimkumbatia machozi yakimlengalenga, akampakulia mtori.

"Mguu unaendeleaje, mama?" Aikande akauliza.

Papo hapo redio nayo ikauliza, kwa sauti ileile.

Mama akamshika bintiye mkono kwa upendo, akageukia redio.

"Subiri kidogo, mwanangu," akanong'ona. "Aikande anaongea."