Programu Moja Zaidi

"Mzee, hii kompyuta ya bei nafuu nafasi yake ni finyu," fundi alimwambia mfasiri. "Chagua programu moja tu zaidi, la sivyo itakuwa inakwama."

"Ya kutazamia picha za wajukuu," mkewe alidakia, huku akibandua taratibu plastiki iliyofunika kioo.

"Hiyo acha," mfasiri alisema. "Niwekee ile inayosoma maandishi kwa sauti."

"Ile ya wasioona?" fundi aliuliza.

"Hiyohiyo."

Mkono wa mkewe ulisita, plastiki ikining'inia nusu. Juzi tu walibadilisha miwani ya mumewe, naye alimwapia kwamba sasa anaona vizuri.

"Baba watoto," alisema kwa sauti ndogo, "mimi hapa unaniona?"

Mfasiri alipapasa mezani mpaka akaupata mkono wake.